Retina ni nyembamba kuliko kucha, sasa mtu anaichunguzaje maisha yake yote?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma udaktari mwaka wa tatu, nipo Mwanza. Tulipofika kwenye somo la jicho nilinasa kabisa, nikaanza kusoma kuhusu wanasayansi wanaochunguza retina na seli za neva. Ila naona mtu anakaa miaka thelathini na kitu chembamba kuliko kucha. Anachunguza nini hasa miaka yote hiyo? Na mtu wa huku kwetu anaanzia wapi, au nibaki tu na kutibu wagonjwa?"

Marahaba mdogo wangu. Nimekaa na swali lako wiki nzima, maana hata mama yangu aliniuliza hivyohivyo siku namwambia nakwenda kusomea jicho la panya. Akasema "jicho la panya?" afu akanyamaza, na ule ukimya wake nimekuwa naujibu miaka yote hii, kwa hiyo nivumilie nikienda kwa urefu.

Kwanza tuondoe ile picha ya kamera tuliyofundishwa wote sekondari, kwamba lenzi ipo mbele na retina ni filamu ipo nyuma inapokea picha tu inapeleka kwa ubongo. Retina yenyewe ni ubongo. Mtoto akiwa bado anaumbika tumboni retina inachipuka kutoka kwenye ubongo, inatoka nje, inajikunja kama kikombe, na ile neva nene inayotoka nyuma ya jicho ni kamba ya ubongo kwenda ubongo. Maana yake daktari wa macho akiinama na oftalmoskopu yake, kile kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, anatazama kipande cha ubongo kilicho hai, hajapasua fuvu, mgonjwa amekaa kwenye kiti anasubiri aambiwe aende nyumbani. Hakuna pengine mwilini unapoweza kufanya hivyo, na mimi mpaka leo nikitazama nyuma ya jicho la mtu moyo unanidunda kidogo.

Sasa angalia hesabu. Retina ya binadamu ina seli za kupokea mwanga za aina ya rodi, zile za gizani, zaidi ya milioni 90, na koni, zile za mchana na za rangi, kama milioni 4 hadi 6. Zinazotoka kwenda ubongoni ni nyuzi za seli za ganglioni, na hizo ni kama milioni moja tu. Yaani ni sawa una magunia mia ya mchele na una baiskeli inayobeba gunia moja, lazima mtu akae chini aamue kipi kinasafiri na kipi kinabaki. Nani anaamua, anaamuaje, seli ipi inamnong'oneza ipi, na ikitokea mmoja kafa nini kinaharibika, hayo ndiyo watu wanayachunguza miaka thelathini na hayajaisha.

Nikueleze habari za mtu mmoja ambaye nikichoka huwa narudi kwake, Stephen Kuffler. Alizaliwa 1913 kwenye kijiji kinaitwa Táp, Hungaria, akasomea udaktari Vienna, akamaliza 1937, mwaka uliofuata Hitler akaichukua Austria na Kuffler akakimbia, safari ikamfikisha Sydney, Australia. Pale alikuwa daktari kijana, ugenini, hajawahi kufundishwa utafiti wa fiziolojia, akaingia maabara ya John Eccles, na muda si mrefu akaja Bernard Katz ambaye naye alikuwa amekimbia Ujerumani. Eccles na Katz baadaye kila mmoja alipata Nobel, 1963 na 1970. Kuffler hakuwa na hesabu za Katz wala jina la Eccles. Alichokuwa nacho ni mikono.

Na hapa naomba usipite haraka. Wakati ule watu walikuwa wanapima msuli mzima na neva nzima, maelfu ya nyuzi zikipiga kwa pamoja, ni sawa na kusimama nje ya uwanja wa Kirumba siku ya mechi unasikia kelele afu unataka kujua shabiki mmoja aliyekaa jukwaa la mbali kasema nini. Kuffler akakaa na chura chini ya mikroskopu, akachambua taratibu mpaka akabaki na uzi mmoja wa neva umeungana na uzi mmoja wa msuli, vyote hai. Mmoja kwa mmoja. Ukishafika hapo swali linakuwa dogo kiasi cha kujibika, neva ikisema msuli unasikia nini, basi. Hiyo tabia ya kukata kelele mpaka abaki na seli moja aliibeba kila alikokwenda.

1947 akajikuta Baltimore, Marekani, kwenye taasisi ya macho ya Wilmer pale Johns Hopkins. Hakuwa mtu wa macho hata kidogo, ila uko kwenye nyumba ya macho, utafanya nini? Yeye na mwenzake Samuel Talbot wakatengeneza oftalmoskopu ya pekee ambayo ilimruhusu aone retina ya paka aliyelazwa kwa dawa, aone na ncha ya elektrodi, kisindano cha kunasa umeme wa seli, iliyoingizwa ndani ya jicho, na hapohapo amulike kidoti cha mwanga popote anapotaka. Kabla yake Keffer Hartline alikuwa ameshasikiliza nyuzi mojamoja za neva ya jicho la chura miaka ya 1930, akaonyesha kwamba kila uzi una kieneo chake kidogo kwenye retina na nje ya hapo hausikii kitu. Kuffler akauliza, na ndani ya kieneo chenyewe je?

Jibu alilichapisha 1953. Kidoti cha mwanga kikikaa katikati ya eneo la seli, seli inapiga harakaharaka. Kidoti hichohicho ukikisogeza pembeni kidogo tu, seli inanyamaza, na ukikizima ndipo inapiga. Ukiwasha mwanga mkubwa ukafunika katikati na pembeni kwa pamoja, ungetegemea ipige kama imepagawa, lakini wapi, inajibu kinyonge kwa sababu katikati inasema ndiyo na pembeni inasema hapana, zinakatana. Na kuna seli nyingine zimekaa kinyume, zinapenda giza katikati na mwanga pembeni.

Kwa nini hilo ni kubwa? Chukua gazeti, toka nalo nje saa saba mchana. Jua la saa hiyo linafika kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga), na ndani sebuleni kwako labda lux 200 au 300. Wino mweusi wa gazeti pale juani unarudisha mwanga mwingi kuliko karatasi nyeupe iliyoko ndani, kwa mbali kabisa. Lakini juani wino unauona mweusi, ndani karatasi unaiona nyeupe. Kama jicho lingekuwa linapima wingi wa mwanga tungechanganyikiwa kila tukivuka mlango. Retina haipeleki wingi wa mwanga, inapeleka tofauti, hapa na jirani yake hapa vinatofautiana kiasi gani. Mpaka wa wino na karatasi ndio unaosafiri. Hilo lipo pale machoni, kabla ubongo wa nyuma haujaguswa, na Kuffler alilisikia kwa seli moja na kidoti.

Sasa kitu kinachojibu swali lako moja kwa moja: makala za Kuffler za retina zinahesabika kwa vidole. Miaka michache tu, akaondoka. Akaenda kwa kamba wa maji baridi kuchunguza seli zinazohisi msuli ukivutwa, akaenda kwa ruba na wanyama wengine kuchunguza glia, zile seli zinazozunguka neva ambazo wengi walizichukulia kama pamba ya kujazia nafasi. Kwa hiyo usidhani maisha ya mtafiti ni kukaa na kitu. Unakaa na swali. La kwake lilikuwa moja tangu Sydney, seli moja inamwambia nini jirani yake, na retina ilikuwa mahali pazuri pa kuliuliza kwa muda fulani.

Na retina yenyewe haikumwacha. 1958 vijana wawili maabara kwake, David Hubel na Torsten Wiesel, wakachukua vidoti vyake wakaenda navyo mbele zaidi, kwenye ubongo wa nyuma wa paka unaopokea taarifa za macho. Wakamulika vidoti wee, seli hazijibu kitu cha maana. Vidoti walikuwa wanavitoa kwa vipande vya kioo vyenye alama wanavichomeka kwenye mashine, na siku moja wakati wanachomeka kioo seli ikalipuka kama bunduki ya rashasha. Walihangaika sana mpaka kugundua kwamba sio kidoti, ni kivuli cha ukingo wa kile kioo kilichokuwa kinapita kwenye skrini. Seli ilikuwa inataka mstari, na mstari wenye mwelekeo wake. Vidoti vya retina vimepangwa vikawa mstari. Kuffler alihama na kundi hilo kwenda Harvard 1959, 1966 akaanzisha pale idara ya nyurobaolojia, akafariki Oktoba 1980. Hubel na Wiesel walipewa Nobel 1981. Mwaka mmoja. Mimi hiyo inaniuma hadi leo kana kwamba namfahamu.

Umeuliza pia anafanya nini hasa. Ngoja nikupeleke maabara asubuhi moja maana vitabu havisemi hili.

Unaingia kwenye chumba cha giza, kuna taa nyekundu hafifu tu, kwa sababu rodi ni nyepesi mno kuhisi, rodi moja inaweza kujibu chembe moja ya mwanga, fotoni moja, ukiwasha taa ya kawaida umeshaziharibia kazi kwa muda mrefu. Jicho la panya mdogo lina upana kama milimita 3, kiasi cha punje ya choroko hivi. Unalitoboa kwa sindano pembeni ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, unakata kuzunguka kwa mkasi mdogo kuliko wa nyusi, unatoa lenzi ambayo ni kigololi kigumu kinachong'aa, inabaki kikombe. Ndani ya kikombe retina imelala. Umeshawahi kumenya yai la kuchemsha ukakuta kile kiutando cheupe chini ya ganda? Hivyo, ila laini zaidi, ukivuta kwa hasira inachanika na siku yako imeishia hapo. Unaichana pembeni mara nne ifunguke kama ua, unailaza kwenye kibao chenye elektrodi ndogondogo, upande wa seli za ganglioni ukitazama chini, na juu yake yanapita maji ya chumvi na sukari yenye vuguvugu, yanabubujishwa gesi ambayo asilimia 95 ni oksijeni na 5 ni kaboni dayoksaidi. Hapo retina iliyotolewa jichoni inaendelea kuona kwa masaa. Ndiyo, nimesema kuona. Unamulika picha juu yake na yenyewe inatuma ujumbe kwenye neva iliyokatwa, haiendi popote, inaishia kwako.

Tunaunganisha na spika. Mara ya kwanza nasikia seli ya ganglioni niliyoitoa kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa saa tano usiku, nilikuwa nimeshaharibu retina kumi na kitu kabla yake. Kwenye giza ilikuwa inapiga polepole, tak, tak-tak, tak, maana hizi seli hazinyamazi hata gizani. Nikawasha kidoti, ikawa kama mvua imeshuka ghafla juu ya bati. Nikakizima, ikakatika. Nikawasha tena. Nadhani niliwasha na kuzima mara hamsini, sikuwa narekodi hata, nilikuwa nasikiliza tu. Kesho yake supavaiza wangu akaniuliza data iko wapi, nikamwambia sina, nimesikia tu, akacheka akasema sawa leo rekodi.

Siku nyingine hazipo hivyo, na kukudanganya sitaki. Kuna kipindi miezi minne retina zangu zote zilikuwa zinakufa ndani ya nusu saa, nikabadilisha chumvi, nikabadilisha mikasi, nikabadilisha mpaka saa ya kuanza kazi, nikaanza kuamini mikono yangu haifai. Mwisho nikagundua kimpira kinachopitisha gesi kilikuwa kimepasuka sehemu isiyoonekana, maji hayapati oksijeni ya kutosha. Miezi minne kwa kimpira. Na huko ofisini mradi una tarehe zake, ripoti inatakiwa, hakuna anayekuandikia sababu ya kimpira. Mtu asiyependa kazi yenyewe ya mikono, anayependa matokeo tu, hapo ndipo anapoacha, na simlaumu.

Kuna jambo la wanyama pia nataka ulijue mapema. Kila panya anaombewa kibali, unaeleza kwa nini huyo na sio njia nyingine, na dhamiri yako inapaswa kusema pamoja na kile kibali. Ikiwa hilo litakulemea sana ipo kazi nyingi ya retina inayofanyika kwa picha za wagonjwa, kwa kompyuta, na kwa macho ya watu waliofariki wakayatoa, sio lazima upitie njia yangu.

Tuje kwenye lile la kubaki kutibu. Nakuona unaliweka kama njia panda, huku wagonjwa kule maabara, na mimi sioni hivyo. Kuffler alikuwa daktari. Ben Barres naye alikuwa daktari, alikuwa anajifunza kutibu magonjwa ya ubongo pale New York, na kila akitazama vipande vya ubongo wenye ugonjwa anaona glia zimejaa na zimebadilika sura, akiuliza zinafanya nini hapati jibu la kumtosha. Akaacha njia ya hospitali akaenda kufanya PhD Harvard, kisha London kwa Martin Raff, afu 1993 akafungua maabara yake Stanford. Na alirudi wapi? Kwenye retina. Alijua namna ya kuzichuja seli za ganglioni za panya zikabaki peke yake kwenye sahani, safi, bila glia hata moja. Seli zikaishi, zikaota nyuzi, ila zilikuwa hazishikani vizuri, sinapsi, yaani viungo ambavyo neva hupeana ujumbe, chache na dhaifu. Ukiziletea astrosaiti, ambazo ni glia, au hata yale majimaji tu ambayo astrosaiti zimekaa ndani yake, sinapsi zinaongezeka mara nyingi. Ile pamba ya kujazia nafasi ndiyo ilikuwa inaziambia neva shikaneni mikono. Hiyo ilianza kuchapishwa 1997, hesabu ya sinapsi zenyewe ikafuata 2001, na mwaka 2005 maabara yake ikataja protini zenyewe, thrombospondini. Barres alifariki Desemba 2017, na mwanzoni mwa mwaka huohuo maabara yake ilikuwa bado inatoa kazi mpya kuhusu astrosaiti zinazogeuka na kuua neva. Yote hayo yalitoka kwenye swali la daktari kijana aliyekuwa anatazama vipande vya wagonjwa. Wewe unaingia wodini kila siku. Unajua ni maswali mangapi yamelala pale wodini hakuna aliyeyaokota?

Mfano wa jirani zetu huu hapa, na huu nataka uusome vizuri zaidi kuliko yote. Blantyre, Malawi, watoto wanaletwa wamezimia, wana vimelea vya malaria kwenye damu, kila mtu anasema malaria ya ubongo. Lakini kule kwenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea na kilichomzimisha kikawa kitu kingine kabisa. Madaktari na watafiti wakaanza kupanua mboni za watoto hao na kutazama retina. Wakaona mambo ambayo hayafanani na ugonjwa mwingine, mabaka meupe kwenye retina, mishipa midogo ya damu imebadilika rangi kuwa nyeupe au ya machungwa, na vidoti vya damu. Mwaka 2004 wakachapisha uchunguzi wa maiti wa watoto 31 ambao walifariki wakiwa na sifa zote za malaria ya ubongo, na 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili pekee iliyowatofautisha wakiwa hai ilikuwa retina. Watoto 7 walihesabiwa malaria. Wenye hiyo kazi hawakuwa na vibao vya elektrodi, walikuwa na oftalmoskopu, subira, na swali. Ndiyo maana nilianza kwa kukwambia retina ni ubongo, sio maneno ya kupamba.

Na yapo ambayo hayajapata jibu mpaka leo. Wale wagonjwa wa presha ya macho utakaowaona kliniki wamechelewa, kinachokufa pale ni hizi hizi seli za ganglioni, na kwa binadamu zikifa hazirudi. Chura ukimkata neva ya jicho inaota tena na anaona. Roger Sperry miaka ya 1940 aliwakata vyura na wenzao hao neva ya jicho, akaligeuza jicho juu chini, neva ikaota, nyuzi zikarudi kila moja mahali pake pa zamani, matokeo yake nzi akiwa juu chura anarusha ulimi chini, na hakujirekebisha maisha yake yote. Yaani kila uzi unajua nyumbani kwake. Sisi nyuzi zetu zina nini kinazizuia? Watu wanalifanyia kazi saa hizi. Kwa upande mwingine 2021 kundi la José-Alain Sahel na Botond Roska lilieleza mtu aliyekuwa kipofu kwa ugonjwa wa kurithi wa retina, wakamwekea jeni ya kuhisi mwanga ndani ya seli za ganglioni, kwa kuwa rodi na koni zake zilishakufa, wakampa miwani maalumu, akaweza kutambua vitu mezani na kuvishika. Hakupata uoni kama wako na wangu, ni kidogo. Ila fikiria seli ambayo kazi yake miaka yote ilikuwa kupokea ujumbe tu, leo imefundishwa kuona yenyewe.

Haya, unaanzia wapi. Njia ya vyeti unaijua, umalize udaktari, intanshipu, kisha uzamili au uingie PhD moja kwa moja kama utapata nafasi, na PhD nje ni miaka mitatu mpaka sita, afu miaka mingine ya kuwa chini ya mtu kabla hujafungua maabara yako. Hela sio nyingi na ajira za kudumu ni chache kuliko wanaozitaka, hili uliweke mezani na familia yako mapema, usije ukaliona katikati ya safari. Lakini mimi ningekushauri usianze na vyeti, anza na ujuzi unaoshikika. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, sasa hivi, simu na laptopu ya kuazima inatosha, kwa sababu kazi ya retina ya leo nusu yake ni kompyuta. Kundi la Ujerumani mwaka 2016 lilirekodi seli nyingi za retina ya panya na kuonyesha kwamba kuna angalau njia 32 tofauti za ujumbe zinazotoka jichoni, na huwezi kuzipanga hizo kwa kuangalia kwa macho. Data nyingi za namna hiyo zimewekwa wazi, unaweza kuzichezea ukiwa Mwanza.

Mmoja wa watu wa kazi hiyo ya 2016, Tom Baden, ndiye yeye na Sadiq Yusuf na Lucia Prieto-Godino walioanzisha TReND in Africa, shirika la kufundisha sayansi huku Afrika, na kozi zao za mwanzo za nyurosayansi zilifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, pale Kampala International University. Hapo Ishaka kutoka kwako ni kuzunguka ziwa tu. Wanafundisha kwa nzi wadogo wa matunda, kwa vifaa vya bei nafuu, vingine vya kuchapwa na printa ya 3D, na nimependa sana msimamo wao kwamba hatuna haja ya kusubiri mashine ya mamilioni ndipo tuanze kuuliza. Fuatilia matangazo ya kozi zao, omba, ukikataliwa omba tena. Na ukiandika barua ya kuomba, pale au kwa profesa yeyote, tafadhali usiandike "napenda sana sayansi tangu utotoni". Andika swali moja. Nilimwona mgonjwa wa namna hii, kitu hiki sikukielewa, nimesoma hivi na hivi, bado sielewi. Barua ya aina hiyo mimi naisoma mpaka mwisho hata nikiwa nimechoka.

Halafu kuna kitu ufanye Jumamosi hii, usingoje. Nenda machinjioni asubuhi, waombe jicho la ng'ombe wa siku hiyohiyo, watakushangaa ila watakupa. Vaa glavu, chukua kiwembe kipya na sahani. Kata kuzunguka nyuma kidogo ya konea, toa ile nusu ya mbele na lenzi yake, mwaga ule ute. Utaona ndani kunang'aa buluu na kijani kama ganda la chaza, hiyo sio retina, ni utando wa nyuma unaomsaidia ng'ombe usiku. Retina ni kile kiutando cheupe chenye uwaridi kinachoelea juu yake, kimejikunja chenyewe kama kitambaa kilicholowa. Kisukume taratibu kwa ncha ya kijiti. Kitaachia huku, kitaachia kule, mpaka kitabaki kimeshikilia sehemu moja tu, kidoti kimoja, hapo hakitoki. Hapo ndipo nyuzi zote zinapotokea kwenda ubongoni. Kivute kidogo uone kinavyokataa, afu uniandikie.